Laini Ilikuwa na Shughuli

Duka la Saa
6 Aprili

Kwa Dawati la Msaada,

Najua mna namba ya simu ya msaada. Nawaandikia barua kwa sababu mbili. Ya kwanza, simu yangu na kompyuta yangu vinatumia waya mmoja, kwa hiyo nikiwapigia siwezi kujaribu mnachoniambia. Ya pili, nyumba yangu ni ndogo, sauti yangu ni kubwa, na jambo hili sitaki mke wangu alisikie. Majibu yaje kwenye sanduku la posta la duka, tafadhali, si nyumbani.

Mimi ni fundi saa, huu ni mwaka wa thelathini na moja kwenye meza ileile. Tarehe 1 mwezi huu nilipata kikaratasi chenu kinachosema kisanduku changu cha barua pepe kina ujumbe mmoja, uliopokewa tarehe 13 Februari, na usipofunguliwa ndani ya siku tisini utafutwa. Nimehesabu. Siku ya tisini ni tarehe 14 Mei.

Kompyuta hiyo iliwekwa na binti yetu chumbani kwake mwaka jana, kabla hajaondoka. Alinifungulia akaunti kwa jina langu, akaniachia karatasi yenye jina la kuingilia na neno la siri. Hakuna mtu mwingine anayeijua anwani ile. Kwa hiyo ujumbe ni wake.

Nanakili kutoka kwenye shajara yangu:

2 Aprili, saa 10.05 alasiri. Nimebonyeza pa kuunganisha. Kompyuta imepiga namba, ikalia kama bati linaloburutwa kwenye saruji, ikanyamaza. Skrini ikaandika kwamba jina au neno la siri si sahihi.

3 Aprili, saa 10.05. Hivyo hivyo.

4 Aprili, saa 10.05. Hivyo hivyo. Nimejaribu mara sita.

Neno la siri ni SINDANO. Ni jina la utani nililompa binti akiwa na miaka kumi na mmoja, siku aliposhika kibanio kwa mara ya kwanza akaokota skrubu niliyokuwa nimeitafuta robo saa nzima. Nimeliandika sawasawa, herufi saba, na nimelihakiki kwa lenzi. Kosa liko wapi?

Fundi Saa


Dawati la Msaada
11 Aprili

Ndugu Mteja,

Barua yako imepita mikononi mwa watu watatu kabla ya kunifikia, kwa kuwa hapa tumezoea wanaopiga simu na kututukana. Wa kujibu barua niko peke yangu. Sikupata kazi kwa muda, nikaanza kuogopa kwamba wataniondoa, kwa hiyo ahsante.

Kwanza kabisa, usimwandikie mtu yeyote neno lako la siri, hata mimi. Nimelifuta kwa wino hapo ulipoliandika na nimejitahidi kulisahau. Nitakapokuwa nimelisahau nitakujulisha.

Pili, mitambo yetu inatofautisha herufi kubwa na ndogo. Naona umeliandika kwa herufi kubwa. Angalia karatasi ya binti yako aliliandikaje, nawe uandike vilevile. Angalia pia kitufe cha herufi kubwa kilicho kushoto mwa kibodi. Kikiwa na taa inayowaka, kibonyeze mara moja izime.

Tatu, tafuta simu yoyote ya kawaida, uichomeke kwenye tundu la ukutani hapo chumbani penye kompyuta, uinue, usikilize. Ukisikia mlio mmoja mrefu usiokatika, waya ni mzima. Ukisikia mikwaruzo, tuambie.

Endelea na shajara. Andika saa, sauti uliyosikia, na maneno ya skrini. Wateja wengi huniambia tu kwamba "haifanyi kazi", na hapo mimi nabaki kupiga ramli.

Mhudumu wa Barua


Duka la Saa
19 Aprili

Ndugu Mhudumu,

Herufi kubwa ni kosa langu. Kwenye vikaratasi ninavyofunga kwenye saa za wateja naandika kila kitu kwa herufi kubwa, maana chini ya lenzi herufi ndogo hudanganya. Karatasi ya binti iliandikwa kwa herufi ndogo, nakumbuka. Nilinakili kwenye daftari la duka kwa mtindo wangu, kisha karatasi yenyewe nikaichana. Usinione mjinga. Niliichana siku aliyoondoka, kwa hasira. Lakini nilinakili kwanza, ndivyo nilivyo.

Nimetumia herufi ndogo. Neno limekubaliwa. Kwa tundu la ukutani nilichukua simu nyekundu ambayo mteja mmoja aliniachia miaka minane iliyopita pamoja na saa yake, akaahidi kurudi kesho yake. Mlio ni mrefu, safi. Simu hiyo nimeiacha pale pale chumbani, kwenye tundu la pili, kwa ajili ya kupimia.

Lakini bado siingii. Soma:

15 Aprili, saa 10.05. Imeunganisha. Imeandika kwamba inahakiki jina. Saa 10.10, ikiwa inaanza kuleta ujumbe, imekatika. Saa 10.13 nimejaribu tena: skrini inasema hakuna mlio wa laini. Saa 10.18, hakuna mlio. Saa 10.27, mlio upo, lakini namba yenu ina shughuli. Nimeacha.

16 Aprili. Imekatika saa 10.10. Hakuna mlio hadi saa 10.24.

17 Aprili. Imekatika saa 10.11. Hakuna mlio hadi saa 10.22.

18 Aprili. Imekatika saa 10.10.

Saa zangu haziongopi, ndiyo kazi yangu. Je, shirika la simu huzima mitambo saa hiyo?

Umeniuliza kwa upole, kwa kutoniuliza, kwa nini mke wangu asijue. Nitakwambia. Binti yetu nilimfundisha kazi kwa miaka kumi na mitatu. Mikono yake ilikuwa bora kuliko yangu, na nilikuwa nimeshaagiza kibao kipya cha duka, chenye majina yetu wote wawili. Akaja kuniambia amepata kazi ya kompyuta mji mwingine. Kulikuwa na wateja watatu dukani. Nikamwambia mbele yao: "Nenda. Usinipigie simu, usiniandikie barua. Mikono hiyo ni yangu, ningeweza ningekuambia uiache hapa mezani." Nyumbani nikaweka sheria kwamba asitajwe. Mke wangu ameifuata sheria hiyo miezi kumi na moja bila kuikosea. Sipendi anione mimi niliyeiweka nikiivunja, kabla sijajua mle ndani mmeandikwa nini. Nimemwambia naleta saa za wateja nyumbani kwa sababu chumba kile kina mwanga mzuri wa alasiri.

Fundi Saa


Dawati la Msaada
24 Aprili

Mzee Fundi Saa,

Shirika la simu halizimi mitambo. Nimesoma shajara yako mara tatu na ningependa wateja wangu wote wangekuwa mafundi saa, kwa sababu jibu umeliandika mwenyewe.

Kompyuta inapokuwa kwenye laini, mtu akiinua simu nyingine ya nyumba hiyo hiyo, mawasiliano hukatika. Kisha, mtu huyo akiwa anaongea, kompyuta haiwezi kusikia mlio, ndiyo maana inakwambia hakuna. Akiweka simu chini, mlio unarudi. Kuna mtu nyumbani kwako anayeinua simu kila siku saa kumi na dakika kumi na kuongea kati ya dakika kumi na moja na kumi na nne.

Dawa yake ni rahisi. Mwombe asubiri nusu saa.

Nimeangalia kisanduku chako kwa nje, ndani siruhusiwi. Jumbe sasa ni tatu. Wa tatu ni mkubwa sana, nadhani una picha. Nimemwomba msimamizi akuongezee muda baada ya tarehe 14 Mei. Amekataa. Nimeomba tena leo, akaniuliza kama mteja ni baba yangu.

Mhudumu wa Barua


Duka la Saa
29 Aprili

Ndugu Mhudumu,

Umeniandikia kana kwamba nyumbani kwangu kuna jini. Tuko wawili tu, mimi na mke wangu. Simu iko sebuleni, juu ya kabati la vyombo, na ina vumbi. Mimi sijawahi kuongea na simu zaidi ya dakika moja, nyumba nzima walikuwa wakinicheka kwa hilo. Mke wangu ni mtunza maktaba wa shule ya msingi, anatoka asubuhi, anarudi saa nane, na akirudi amechoka na maneno ya watoto mia nne. Dada yake aliyekuwa akimpigia alifariki mwaka juzi. Hana wa kumpigia.

Siwezi kumuuliza. Nikimuuliza, ataniuliza mimi nafanya nini na laini hiyo saa kumi.

Nadhani ni kutu kwenye nguzo. Saa kumi jua linapiga upande wa nguzo, nyaya zinatanuka. Kwenye saa jambo hilo hutokea. Tafadhali fikiria upande huo.

Zimebaki siku kumi na tano. Jana nilikaa mbele ya skrini mpaka giza likaingia. Mke wangu akagonga mlango, akasema, "Baba, saa hizo hazitoroki. Njoo ule." Nikasema nakuja. Alisimama nje ya mlango muda kidogo kabla ya kuondoka. Nilisikia pumzi zake. Sijui alitaka kuniambia nini.

Fundi Saa


Dawati la Msaada
3 Mei

Mzee wangu,

Nguzo nimeifikiria. Si nguzo. Lakini sitabishana na mtu anayemjua mke wake.

Fanya hivi: badilisha saa. Mama akiwa shuleni asubuhi, nyumba haina mtu. Najua utalazimika kufunga duka siku moja. Funga.

Na jambo la pili, muhimu. Laini yako ina huduma ya kusubirisha simu: mtu akikupigia wakati unaitumia, inakupenyezea mlio mdogo. Mlio huo nao hukata kompyuta. Kabla ya kuunganisha, inua ile simu nyekundu, bonyeza namba nilizokuandikia kwenye kadi iliyomo humu, usubiri sauti ikwambie huduma imezimwa. Baada ya hapo hakuna mtu yeyote duniani atakayeweza kukukatisha. Anayekupigia ataambiwa tu kwamba laini ina shughuli.

Picha itakuja polepole, mstari kwa mstari kutoka juu. Usikate. Hata ikionekana imesimama, usikate.

Ukifaulu, niandikie neno moja tu.

Mhudumu wa Barua


Dawati la Msaada
18 Mei

Mzee Fundi Saa,

Hukuniandikia hata neno moja, lakini mitambo yetu imekusema! Tarehe 9 Mei uliingia saa nne na dakika tano asubuhi, ukatoka saa tano na dakika tatu. Dakika hamsini na nane bila kukatika. Jumbe zote tatu zimefunguliwa, na ujumbe mmoja umetumwa. Nilimwonyesha msimamizi, nikamwambia, "Huyu ndiye baba yangu."

Naambatanisha fomu ya kufunga faili. Weka alama kwenye kisanduku cha "Tatizo limetatuliwa", utie sahihi, urudishe. Ni utaratibu tu. Lakini kama una nafasi, pale penye "Maoni ya mteja", niambie kama herufi ndogo zimemsamehe fundi wao.

Kwa furaha,
Mhudumu wa Barua


Nyumbani
27 Mei

Mwanangu,

Hunijui. Mimi ni mke wa fundi saa. Duka halijafunguliwa tangu tarehe 9, na fundi viatu wa mlango wa pili ndiye aliyeniletea barua yako. Niliifungua mimi. Kisha nikatafuta zile nyingine, nikazikuta kwenye shajara yake, zimepangwa kwa tarehe. Nimezisoma zote.

Anayeinua simu saa kumi na dakika kumi ni mimi.

Binti yetu alilazwa mwezi wa tatu, katika hospitali ya mji aliokuwa akifanya kazi. Wodi yao ina simu moja kwenye korido, na wagonjwa huruhusiwa kuitumia kuanzia saa kumi. Muuguzi alikuwa akimsogezea kiti. Dakika kumi zilikuwa za kumtoa kitandani. Nilikuwa nampigia binti, baba yake akishajifungia chumbani na saa zake, kwa sababu ndiyo saa pekee ambayo hakuwa mbele yangu. Nikiinua nasikia mvumo kama mafuta kikaangoni. Naweka, nahesabu hadi sitini, nainua tena, imetulia. Nilidhani simu imezeeka kama sisi. Sikujua kwamba ule mvumo ni yeye.

Nilitaka kumwambia mwenzangu, Mungu ananiona. Nilisimama mlangoni kwake jioni nyingi. Lakini binti alinikataza. "Akijua naumwa atakuja kwa huruma, Mama. Nimemwandikia. Nataka aje kwa kuwa amesoma." Kila siku aliniuliza, "Baba amesema nini?" Nikawa namjibu, "Hajasema kitu. Yuko na saa zake." Halafu ananiuliza nimepika nini.

Tarehe 9 mimi nilikuwa shuleni. Hali yake ilibadilika asubuhi, akaomba apigiwe nyumbani. Walikuwa na namba ya nyumbani tu, dukani hakuna simu. Kwa kawaida saa ile simu ingeita kwenye nyumba tupu. Siku hiyo moja nyumba haikuwa tupu. Walipiga saa nne na dakika ishirini, wakakuta laini ina shughuli. Wakapiga saa nne na dakika thelathini na tano, ina shughuli. Alifariki saa tano kasoro dakika nane. Walipotupata ilikuwa saa tano na robo, na aliyepokea ni baba yake, akiwa ametoka kuiona picha yake.

Tumemzika tarehe 12. Sasa mume wangu anakaa chumbani kule na karatasi mbili mezani. Moja ni shajara yake ya siku hiyo. Nyingine ni saa alizosomewa na hospitali. Ameziweka sambamba. Ananiuliza, "Saa nne na dakika ishirini picha ilikuwa imefika wapi?" Kisha anajijibu, "Kwenye paji la uso."

Sikulaumu, mwanangu. Ulimsaidia kwa moyo. Ila usimletee tena fomu.

Mama wa nyumba hii


Dawati la Msaada
1 Juni

Mama yangu, na Mzee wangu,

Nimeandika barua hii mara nne. Namba za kuzima huduma ya kusubirisha simu niliziandika mimi, kwa mkono wangu, kwenye kadi. Kama nisingeziandika, muuguzi angepiga, kompyuta ingekatika, na simu nyekundu ingeita. Niliandika pia kwamba hakuna mtu yeyote duniani atakayeweza kukukatisha. Nakala ya barua hiyo iko kwenye faili, na nimeisoma.

Mzee, najua utataka kujua, na wewe hupendi kudanganywa na saa. Ujumbe uliotuma ulifika kisandukuni mwake saa tano na dakika mbili. Haujafunguliwa.

Jumbe zake tatu hazitafutwa. Sikumwomba msimamizi, nimemwambia. Faili lenu liko wazi kwenye meza yangu, na fomu ile ichaneni.

Binti yenu wa Dawati


Duka la Saa
14 Juni

Binti,

Ahsante kwa kunipa dakika ile kama ilivyo. Wengine walikuwa wanazungusha.

Nakwambia sasa kilichokuwemo. Ujumbe wa kwanza ulikuwa mfupi: "Baba, uliniambia nisikupigie simu wala nisikuandikie barua. Hii si simu wala si barua, kwa hiyo sijakuasi." Nilicheka peke yangu, mbele ya mashine. Wa pili ulihusu saa ya mkononi ya mfanyakazi mwenzake, iliyokuwa inachelewa, na jinsi alivyoitengeneza mwezi wa pili wakati wa chakula cha mchana kwa sindano ya nguo na kibanio cha nyusi. Alieleza hatua moja moja. Aliniuliza kama ningeanza na kitu kingine. Nisingeanza na kitu kingine.

Wa tatu ulikuwa picha; huu na ule wa pili zilitumwa kwa niaba yake na mwenzake huyo. Ilikuja kama ulivyosema, kutoka juu. Kwanza dari. Kisha ukuta wa kijani, na saa ya ukutani, nikaona mshale wa dakika umepinda kidogo. Kisha kitambaa cha kichwa, naye hakuwa mtu wa kufunga kitambaa. Kisha paji la uso. Macho. Yalipofika mashavu nilianza kuelewa. Chini kabisa yalikuja mabega, na nyuma yake vyuma vya kitanda, na mkono mmoja ameuinua kunipungia. Saa nne na dakika arobaini na saba mkono ulikamilika. Nikaanza kuandika. Mimi naandika kwa kidole kimoja, na ilinichukua dakika kumi na tano kuandika maneno haya: "nimesoma yote. mikono ni yako. nakuja kesho." Niliandika kwa herufi ndogo.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Muuguzi aliyekuwa naye siku ile alikuwa likizo tangu siku ya pili yake. Zile saa tulisomewa na mwenzake, kutoka kwenye daftari. Juzi mke wangu alisema amerudi, angependa kumshukuru kwa kile kiti. Mimi nilikuwa chumbani. Nilimsikia akivuta kigoda sebuleni, nikaangalia saa: kumi na dakika kumi. Simu nyekundu ilikuwa karibu na mkono wangu. Sikupanga. Niliinua polepole, nikaziba mdomo kwa kiganja.

Waliongea kuhusu nguo zake, na kitabu alichokuwa hajakimaliza. Kisha mke wangu akauliza alikuwaje mwishoni.

Muuguzi akasema, "Kwani hawakuwaambia, Mama? Nilipomwambia laini ya nyumbani ina shughuli, aliniuliza saa ngapi. Nikamwambia saa nne na dakika ishirini. Akasema, 'Mama yuko shuleni.' Akafikiri kidogo. Nikapiga tena, ina shughuli bado, nikamwambia huyo mtu anaongea sana. Akacheka, Mama. Alikuwa hana nguvu, lakini alicheka. Akasema, 'Baba haongei na simu zaidi ya dakika moja. Amefunga duka. Yuko kwenye kompyuta.' Nilitaka kupiga mara ya tatu, akanishika mkono, akasema, 'Usipige. Picha inachelewa kufika. Mwache asome.'"

Kisha muuguzi akasema pole nyingi, akaaga, akakata.

Kwenye zile karatasi mbili nilikuwa nimeacha nafasi ya saa nne na dakika hamsini, mahali ambapo walipaswa kupiga mara ya tatu. Nilikuwa sielewi kwa nini waliacha. Nimeijaza.

Duka nimelifungua leo. Huduma ya kusubirisha simu nimeiwasha tena. Kadi yako ninayo, sijaichana, nawe usijisemee vibaya. Laini isingekuwa na shughuli, asingejua.

Muuguzi alipokata, mke wangu hakuweka simu chini. Wala mimi. Tulibaki wawili kwenye waya mmoja, yeye sebuleni, mimi chumbani, ukuta katikati. Nilisikia pumzi zake kama siku zile za mlangoni. Nikaondoa kiganja mdomoni.

Nikasema, "Nilikuwa nasoma."

Akasema, "Najua, Baba. Hata yeye alijua."

Fundi Saa